Mikondo ya Kiingereza: darasa la chini ndilo liwe dogo

Kila Januari shule za sekondari za serikali nchini Tanzania hupokea watoto wengi waliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Kuanzia Kidato cha Kwanza, karibu masomo yote watafundishwa kwa Kiingereza. Zipo shule zinazowapima mapema, kisha kuwagawa kwa viwango katika vipindi vya somo la Kiingereza. Naunga mkono mpango huo. Tatizo liko kwenye hesabu inayofuata: wangapi wakae chumba gani?

Tuseme shule ina wanafunzi 150 na walimu watatu wa Kiingereza. Majaribio yanaonyesha kwamba 70 hawawezi kusoma aya fupi wakaielewa, 55 wanaisoma kwa kusuasua, na 25 wanaisoma vizuri. Ukifuata viwango tu, wale 70 watarundikana chumba kimoja huku wale 25 wakijitanua. Ukigawa sawa kwa sawa, 50 kila chumba, madawati yatatosha na hakuna mwalimu atakayelalamika. Mimi ningeweka 60 juu, 50 katikati na 40 chini.

Sababu ni muda. Kipindi ni dakika 40. Mtoto anayeanza kusoma Kiingereza hasaidiki mpaka mwalimu amsikie akisoma kwa sauti, na dakika moja kwa kila mmoja ni kidogo mno. Hata hivyo, watoto 40 wanakimaliza kipindi kizima. Wakiwa 70, kipindi kitaisha kabla wa madawati ya nyuma hawajasikika. Wale 60 wa juu wanaweza kupewa hadithi wakaisoma wawili wawili, wakaandika muhtasari na kusahihishana. Mwalimu wao atabaki na rundo kubwa la insha za kusahihisha, kwa hiyo apunguziwe vipindi kwingine.

Sasa, katika wale 70 dhaifu, nani apandishwe chumba cha katikati ili chini wabaki 40? Hapa alama za mtihani wa kuchagua jibu hazitoshi; lazima mtoto asikilizwe. Yupo anayesoma “time” kama “ti-me” na “name” kama “na-me”. Huyu anajua kusoma. Anatumia kanuni za Kiswahili, ambamo irabu haibadiliki sauti, na akionyeshwa kwamba Kiingereza hakisomwi hivyo, atakwenda haraka. Mwenzake anakwama kwenye herufi ya pili, na ukimpa gazeti la Kiswahili anakwama vilevile. Kwenye karatasi ya mtihani wote wawili huweza kupata 8 kati ya 40, lakini mahitaji yao hayafanani hata kidogo. Wa kwanza apande. Wa pili abaki kwenye chumba chenye watu wachache, na afundishwe kusoma.

Wazazi wa watoto walio mpakani huwa na hofu kwamba mtoto akiangukia upande wa chini ameharibikiwa. Upo ushahidi wa kuwatuliza. Mwaka 2005, watafiti Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walianza kufuatilia shule za msingi 121 magharibi mwa Kenya. Kila shule ilipata mwalimu wa ziada na kuligawa Darasa la Kwanza mara mbili. Baadhi ziligawa kwa uwezo, nyingine kwa bahati nasibu. Baada ya miezi 18, watoto wa shule zilizogawa kwa uwezo walikuwa mbele, wa juu na wa chini pia. Waliokuwa katikati kabisa hawakutofautiana, wawe waliingizwa kundi la juu au la chini. Wale walikuwa watoto wadogo, si wa sekondari, lakini funzo la mpakani linatufaa: mtoto wa katikati anaweza kuwekwa upande wowote ili kusawazisha idadi, mradi mwalimu afundishe kwa kiwango cha walio mbele yake.

Mpango huu hautembei bila ratiba. Mikondo yote iwe na Kiingereza saa ileile, la sivyo watoto hawawezi kubadilishana vyumba. Shule yenye walimu wawili ifanye makundi mawili tu. Na kila mwisho wa muhula wapimwe upya na kuhamishwa kweli, kwa sababu kundi lisilotoka mtu hupachikwa jina la vilaza, na watoto hulisikia.

Mwalimu wa taaluma, unapopanga ratiba ya Januari, anza na chumba cha chini: kipe watoto wachache kuliko vyote na mwalimu wako mahiri kuliko wote. Ukishafanya hivyo, ndipo ugawe waliobaki kwa idadi ya madawati.