Watoto wetu wakienda kuona wanyama kwenye zoo



Kila mwaka shule za Lubumbashi zinapeleka watoto kwenye zoo ya mji. Mtoto anafika nyumbani na karatasi ya kutia sahihi, anaomba pesa ya basi na ya kuingilia, na mama anajiuliza: hii ni masomo ao ni matembezi tu? Mimi kama mwalimu najibu: ni masomo, na nusu ya somo lenyewe inafundishwa na mama.

Ndani ya zoo hiyo kuna kituo kinachoitwa J.A.C.K., kilichoanza mwaka wa 2006. Kinalea sokwe wachanga walionyang'anywa wachuuzi. Hapo ndipo watoto wanakawia zaidi. Wanaona vidole kama vyao, kucha kama zao, na mkia hakuna. Kisha swali linatoka: "Mwalimu, mama yake iko wapi?"

Jibu ni zito, lakini mtoto wa miaka 10 anaweza kulisikia. Sokwe ananyonya mpaka miaka 4 ao 5. Anashikamana na tumbo la mama, kisha anabebwa mgongoni. Mama hamwachi. Anayemtaka mtoto anamuua mama kwanza, na mara nyingi na wale wanaokuja kumtetea. Nyama inauzwa, na mtoto anauzwa akiwa hai. Tena sokwe anazaa mara moja tu kwa miaka 5 hivi. Mama mmoja akifa, msitu unakawia sana kumrudisha.

Biashara hiyo haijaisha. Mwezi wa 9 mwaka wa 2022, wezi waliingia kituoni usiku, wakachukua sokwe watatu wadogo, wakadai pesa ili wawarudishe.

Basi mama afanye nini?

Mbele ya safari: mwambie mtoto asitupie wanyama chakula. Sokwe anashikwa na mafua yetu. Mtoto anayekohoa, mwalimu ajulishwe. Mpe maji ya kunywa, na namba yako ya simu mfukoni.

Akirudi: usiishie kwa "umeona nini?" Uliza pia: "Yule mnyama alifikaje pale?" Mwache aeleze. Anayeeleza ndiye anayeshika somo.

Katika mtaa: mtu akileta sokwe mdogo wa kuuza, huruma itakusukuma umnunue ili umwokoe. Usinunue. Pesa yako inamrudisha mwindaji msituni kuua mama mwingine. Sokwe analindwa na sheria ya inchi yetu. Kumfuga nyumbani ni kosa. Peleka habari kwa ICCN.

Neno la mwisho ni la vikundi vyetu. Katika kila darasa kuna watoto wanaobaki nyumbani siku hiyo kwa kukosa pesa ya basi. Tukikutana kwa likelemba, tuweke kidogo pembeni kwa ajili yao. Wao pia wana swali la kuuliza pale.