Sauti Moja, Umati Mzima

Sogeeni karibu, wanangu, niwasimulie habari za mwezi wa nane. Huku pwani, Agosti ni mwezi wa kusi na ubaridi wa kipupwe. Ulaya na Marekani mambo ni kinyume: kiangazi chao kinaelekea ukingoni, shule zimefungwa, jua linachelewa kuzama, na watu wanaweza kukesha nje bila koti. Ndiyo maana matamasha mengi makubwa ya muziki wa roki yalipangwa majira hayo, na ndiyo maana kila ifikapo Agosti na Septemba wapenzi wa roki huwa na kumbukumbu nyingi. Nimewachagulia tarehe chache tu, zote zinazojibu swali moja: mtu akisimama mbele ya maelfu na kuimba, sauti yake inawafikiaje, na yeye anawasikiaje?

Twende kwanza New York, tarehe 15 Agosti 1965. Vijana wanne wa Liverpool, Uingereza, wanaingia mbio katika uwanja wa Shea. Ni John Lennon, Paul McCartney, George Harrison na Ringo Starr, yaani bendi ya The Beatles. Uwanja wenyewe ni wa besiboli, na waliojaa humo ni watu wapatao 55,600. Siku zile, umati wa namna hiyo kuja kusikiliza bendi moja ulikuwa jambo geni kabisa.

Sasa vitazameni vyombo vyao. Walikuwa na amplifaya za Vox za wati 100, zilizohesabika kuwa kubwa wakati huo. Sauti za kuimba zilitoka kwenye spika za uwanja, zile zile za kutangazia majina ya wachezaji. Monita, zile spika ndogo zinazomgeukia mwanamuziki ili ajisikie, hazikuwapo. Na mbele yao walikuwa vijana zaidi ya elfu hamsini wanaopiga mayowe tangu mwanzo hadi mwisho. Mayowe yakashinda. Ringo, aliyekaa nyuma kwenye ngoma, alieleza baadaye kwamba ilimbidi awatazame wenzake wanavyotikisika ili ajue wimbo umefika wapi. Fikirini hilo! Mpiga ngoma wa bendi iliyopendwa kuliko zote anapiga kwa kutumia macho, kwa sababu masikio hayamsaidii kitu.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 29 Agosti 1966, walikuwa San Francisco katika uwanja wa Candlestick Park. Safari hii uwanja haukujaa; walikuja watu kama 25,000. The Beatles walikuwa wamechoka kupiga muziki wasiousikia, na wenyewe kwa wenyewe walijua kwamba ziara zao zimefika mwisho, ingawa hawakuwatangazia watu. Paul akamwomba Tony Barrow, msemaji wao, arekodi onyesho hilo kwa kaseti. Barrow akasimama uwanjani na kinasa sauti chake. Upande mmoja wa kaseti ulikuwa na dakika 30 tu, nao wakapiga nyimbo 11. Walipofika wimbo wa mwisho, "Long Tall Sally", utepe ukaisha katikati. Kwa hiyo hata ile rekodi ya kuagana imekatika kabla wimbo haujamalizika.

Hawakufanya tena onyesho la kulipia. Waliingia studio, mahali ambapo hata mnong'ono unasikika, na mwaka 1967 wakatoa albamu ya "Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band", ambayo watu wanaistaajabia mpaka leo. Faida walipata, lakini swali letu likabaki palepale: umati nao utasikiaje?

Jibu lilianza kuonekana shambani. Mkulima mmoja aitwaye Max Yasgur alifuga ng'ombe wa maziwa huko Bethel, katika jimbo la New York. Alikubali kuwakodisha shamba vijana waliotaka kuandaa tamasha la Woodstock, kuanzia Ijumaa tarehe 15 Agosti 1969. Mahali penyewe palikuwa na mteremko wa nyasi ulioinama kama bakuli, na jukwaa likajengwa chini kabisa. Fundi wa sauti, Bill Hanley, akapandisha spika juu ya minara ili sauti ipite juu ya vichwa vya walio mbele na kuwafikia walioketi kilimani.

Hesabu za waandaaji zilikuwa za watu laki mbili hivi. Wakaja zaidi ya laki nne! Barabara zikaziba, magari yakaachwa njiani, watu wakamalizia safari kwa miguu. Uzio haukuwahi kukamilika, basi watu wakaingia bure. Hata wanamuziki wengine walikwama njiani, na Richie Havens akasukumwa kufungua tamasha na gitaa lake. Aliendelea kuimba mpaka nyimbo zake zikamwishia, ikabidi atunge mwingine palepale jukwaani.

Kuna jambo dogo la Woodstock ambalo ningependa mlishike. Watu walikuwa wakipanda ile minara ya spika ili waone vizuri, na mtangazaji akawa anawasihi washuke wasije wakaanguka au wakaiangusha juu ya wenzao. Jumapili mvua kubwa ya upepo ikashuka, minara ikayumba, mafundi wakakimbilia kufunika mitambo ya umeme. Muziki ukasimama kwa saa kadhaa. Tunapowasifu waimbaji, tuwataje na wale waliotembea kwenye tope wakikagua nyaya, maana bila wao tamasha lingekufa.

Aliyefunga kazi ni Jimi Hendrix. Alipangiwa Jumapili usiku, akapanda Jumatatu asubuhi, tarehe 18, wengi wakiwa wameshaondoka. Akaupiga wimbo wa taifa wa Marekani kwa gitaa lake, huku akizifanya nyuzi zilie kama mabomu na ving'ora. Nchi yake ilikuwa vitani Vietnam, na waliobaki shambani walielewa bila kuambiwa neno.

Kule London palikuwa na kijana mmoja aliyemhusudu Hendrix kupita kiasi. Alikuwa mwanafunzi wa sanaa chuoni Ealing, na alikuwa akichora picha za Hendrix. Jina lake la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara. Alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, tarehe 5 Septemba 1946, katika familia ya Maparsi wenye asili ya India. Akiwa na miaka minane alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, akajifunza piano na kupiga katika bendi ya shule. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, familia ikahamia Uingereza. Mwaka 1970 aliunda bendi ya Queen pamoja na Brian May na Roger Taylor, na John Deacon akajiunga mwaka uliofuata. Dunia inamjua kijana huyo kwa jina la Freddie Mercury.

Wakati wa Freddie, mitambo ilikuwa imekua. Spika zilipangwa kwa marundo makubwa pande zote mbili za jukwaa, na monita zilikuwa miguuni pa waimbaji. Mkononi alishika maikrofoni iliyobaki na kipande tu cha fimbo yake, akiizungusha apendavyo. Tarehe 13 Julai 1985, katika tamasha la Live Aid uwanjani Wembley, alinyamazisha bendi, akatoa sauti moja ndefu isiyo na maneno. Watu wapatao 72,000 wakaijibu. Akatoa nyingine ya kupinda zaidi, wakaipinda vilevile. Ni kama msimulizi anaposema "Paukwa!" nanyi mkapokea "Pakawa!" Miaka 20 kabla, umati ulimmeza mwimbaji. Sasa mwimbaji na umati walikuwa wakisemezana.

Tarehe 9 Agosti 1986, Queen walipiga Knebworth Park, Uingereza, mbele ya watu zaidi ya 120,000. Umati ukiwa mpana hivyo, linazuka tatizo jipya. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Aliyesimama mita 340 kutoka jukwaani anauona mkono wa mpiga ngoma ukishuka, kisha sekunde nzima inapita ndipo mdundo umfikie. Siku hizi katika matamasha makubwa mafundi husimamisha spika nyingine katikati ya watu, wakaichelewesha sauti yake kidogo makusudi, ili ilingane na ile inayotoka mbele.

Knebworth ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kwa Freddie kupanda jukwaani na Queen katika onyesho lao kamili. Alifunga akiwa amevaa taji na joho la kifalme. Watu hawakujua kwamba wanaagana naye. Maradhi ya UKIMWI yalimchukua tarehe 24 Novemba 1991, akiwa na miaka 45.

Basi, wanangu, tarehe 5 Septemba ikifika, siku ya kuzaliwa kwa mtoto huyo wa Mji Mkongwe, tafuteni rekodi mbili: ya Shea na ya Wembley. Anzeni na Shea, msikilize jinsi nyimbo zinavyozama kwenye mayowe. Halafu sikilizeni Wembley, na Freddie akinyamaza, msiache kusikiliza. Pale panaposikika watu elfu sabini na mbili wakimjibu kwa pumzi moja, mtajua kwamba kipaji pekee hakikutosha. Ilihitajika kazi ya mafundi wengi, na mwimbaji aliyekuwa tayari kuwasikiliza waliokuja kumsikiliza.