Antena za Jua Kali: Masafa Sahihi Ndiyo Tiketi ya Soko la Nje

Mafundi wa jua kali wanaotengeneza antena za televisheni wanaweza kuuza bidhaa zao Uganda na Tanzania bila kubadilisha muundo, mradi wazingatie masafa yanayotumika sasa. Anayeendelea kukata vyuma kwa vipimo vya enzi ya analogia atapoteza wateja hapa nyumbani na ng'ambo ya mpaka.

Kenya ilizima matangazo ya analogia mwaka 2015. Nchi hizo tatu hutumia mfumo mmoja wa utangazaji wa dijitali, DVB-T2. Mfumo huo husomwa na king'amuzi, wala si antena. Kazi ya antena ni kunasa mawimbi tu, yawe ya dijitali au ya analogia. Kwa hivyo maneno "antena ya dijitali" kwenye pakiti hayamwambii mnunuzi lolote. Cha kuangalia ni masafa.

Masafa yamebadilika vipi?

Wakati wa analogia, baadhi ya matangazo yalirushwa kwa VHF, hivyo antena zilihitaji vyuma virefu. Matangazo ya dijitali hurushwa kwa UHF, kuanzia megahezi 470. Zamani televisheni ilifika hadi megahezi 862. Hata hivyo, chini ya kanuni za Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU), masafa ya 694 hadi 862 yamefunguliwa kwa mitandao ya simu katika Afrika na Ulaya. Antena inayonasa hadi 862 inaweza kuchukua mawimbi ya mnara wa simu ulio karibu na kuvuruga picha.

Vipimo vya kukata

Gawanya 15,000 kwa masafa ya megahezi. Jibu ni nusu ya urefu wa wimbi kwa sentimita. Kwa megahezi 470 ni takriban sentimita 32, na kwa 694 ni takriban 22. Kwa megahezi 580, katikati ya masafa hayo, ni takriban 26. Chuma kinachounganishwa na waya hupunguzwa kama asilimia 5, hivyo hapo kitakatwa karibu sentimita 24.6.

Kuvuka mpaka

Bidhaa inayotimiza masharti ya asili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki haitozwi ushuru wa forodha ikiwa ina cheti cha asili. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, upo utaratibu rahisi ambapo cheti hupatikana mpakani, iwapo bidhaa imo kwenye orodha iliyokubaliwa. Kodi nyingine za nchi husika bado zinaweza kutozwa.

Kabla ya kupakia mzigo, mafundi wanashauriwa kuulizia orodha hiyo kwa maafisa wa forodha, kuthibitisha matakwa ya ubora kwa KEBS, na kuandika masafa ya antena waziwazi kwenye kila pakiti.