Moto ya Ng'ambo: Kabla Pesa ya Sanduku Haijavuka Maji

Masanduku ya AVEC na MUSO yanagawiwa, na kila mara wakati kama huu swali linalotufikia ni lile lile. Mama amepata fungu lake, anataka anunue moto, ampe kijana afanye taksi kati ya Kalundu na Kavimvira, awe anamletea pesa kila jioni. Halafu anatokea shemeji au jirani: "Mama, mbona ununue hapa? Kigoma bei ni ndogo. Hata Bujumbura." Na ukiuliza bei peke yake, mara nyingi kweli ni ndogo. Lakini hiyo ni bei ya moto ikiwa imesimama dukani kule. Sisi tunaitaka ikiwa imesimama hapa, ina plake, ina karatasi, na polisi ya rulaje haina neno nayo.

Ukishuka Kibirizi, pale boti zinazotoka kwetu zinapofikia Kigoma, wewe ni mgeni. Kiswahili mtasikilizana, hata kama watacheka kidogo ukisema esanse badala ya petroli. Lakini kwa sheria wewe ni msafiri wa nchi nyingine. Tanzania hawaandikishi moto kwa jina la mtu asiye na namba ya mlipakodi, wanayoiita TIN, inayotolewa na Mamlaka ya Mapato, TRA. Uganda ni vivyo hivyo kwa URA, na Kenya wanadai PIN ya KRA. Burundi utaelekezwa kwa OBR, ofisi ya mapato iliyoundwa mwaka 2009. Hakuna hata moja kati ya ofisi hizo inayomkataza mgeni kununua. Zinachotaka ni mgeni ajulikane.

Kwa hiyo anayenunua ili arudi nayo nyumbani, tunamshauri achukue mpya, isiyo na plake bado, yenye fakitire iliyoandikwa jina lake, namba ya shasi na namba ya injini, na mwenye duka amwonyeshe karatasi za forodha za kuitoa nchini. Moto iliyokwisha kutembea kule, yenye plake inayoanza na MC, ni kazi nyingine. Hiyo ina kadi yenye jina la mtu, na lazima iondolewe katika daftari la kwao kabla ya kuvuka. Mchuuzi akikuambia "chukua tu na kadi, jina utabadilisha kwenu", fahamu kwamba Uvira nzima hakuna ofisi inayoweza kubadilisha jina katika daftari la Tanzania. Utabaki na moto ya mtu mwingine uliyoilipa wewe.

Usione haya kuinama. Namba ya shasi imechongwa kwenye shingo ya fremu, chini ya usukani. Ya injini iko kwenye injini yenyewe. Pangusa vumbi kwa kitambaa, soma tarakimu moja moja, linganisha na kadi. Zikionekana zimekwaruzwa au kupigwa upya, mshukuru mchuuzi na uende zako. Na kama kadi ina jina la marehemu, uliza warithi wako wapi. Hili tunalikazia kwa sababu sote tunajua jinsi mali ya marehemu inavyouzwa na ndugu kabla ya matanga kwisha. Bei nzuri uliyoipata inaweza kuwa chakula cha mjane na watoto wake, naye siku moja atakuja kuidai.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi wetu hulipita haraka: jina gani linaandikwa kwenye fakitire? Mama anatoa pesa, anamtuma kaka, shemeji au yule motari mwenyewe, na karatasi zinarudi zikiwa na jina la aliyetumwa. Siku za amani hakuna shida. Siku ya ugomvi, ya talaka au ya kifo, polisi na hakimu wanasoma karatasi, hawasomi machozi. Zamani ilikuwa rahisi kumjibu mama kwamba hawezi: Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kuingia katika mapatano ya kisheria. Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo. Sasa wanandoa wanatakiwa kuelewana wote wawili. Basi elewaneni nyumbani kwanza, msifichane, kisha jina la mwenye pesa liandikwe. Anayetumwa abebe barua ya kutumwa na kopi ya kitambulisho chako, na mwenye duka aandike fakitire kwa jina lako. Ndugu anayekasirikia jambo hilo amekwisha kukujibu.

Kisha inakuja duane. Tumesikia hoja hii mara nyingi: "Congo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, kodi haipo tena." Ni kweli nchi yetu ilitia sahihi mkataba wa kuingia tarehe 8 Aprili 2022. Lakini nafuu ya Jumuiya ni kwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya na zenye cheti cha asili. TVS na Boxer asili yake ni India, Haojue ni ya China. Moto haigeuki kuwa ya Tanzania kwa sababu imelala ghala la Dar es Salaam na kupanda gari hadi Kigoma. DGDA watatoza ushuru wa forodha juu ya thamani ya moto pamoja na usafiri wake, kisha TVA ya asilimia 16 juu ya jumla hiyo ukiongeza na ushuru wenyewe. OCC nao wana zamu yao ya kukagua. Baada ya hapo ndipo unafikia plake. Kwa hiyo, kabla ya safari, nenda duane ukiwa na aina ya moto, ukubwa wa injini na bei uliyoambiwa, uwaombe wakupigie hesabu kwenye karatasi. Ongeza nauli yako, ya moto, chakula na kulala. Hapo ndipo ulinganishe na bei ya hapa Uvira. Kuna waliofanya hesabu hiyo wakaona tofauti imebaki ndogo kiasi kwamba haitoshi hata kulipia usingizi waliopoteza.

Iko na biashara ya upande wa pili, nayo ndiyo inayotutia hofu zaidi. Anapita msafiri wa mbali na moto kubwa yenye plake ya Ulaya au ya nchi jirani. Amechoka, pesa imemwishia, anataka kupanda ndege. Anaiuza nusu ya bei. Kijana wako anakuja nyumbani mbio: "Mama, tusaidie haraka kabla mwingine hajaichukua!"

Moto ya msafiri kwa kawaida huingia nchini kwa ruhusa ya muda, yaani bila kulipa kodi, kwa ahadi kwamba itatoka naye. Wengine hutembea na kijitabu kinachoitwa Carnet de Passages en Douane, kinachotolewa na vyama vya wenye magari, na nyuma yake kuna dhamana ya pesa ambayo msafiri atapoteza moto isipotoka au isipolipiwa kodi. Akikuuzia kichochoroni, yeye anaondoka na pesa, na moto inabaki kwako ikiwa bado iko chini ya ahadi yake. Duane wakiikamata, karatasi mliyoandikiana mezani haitawazuia.

Lakini si kwamba haiwezekani. Muuzaji na mnunuzi waende duane pamoja, ruhusa ya muda ifungwe, moto itangazwe kuwa imeingia kabisa, kodi ilipwe, risiti iandikwe. Nani atalipa kodi hiyo, mkubaliane kabla. Pesa ya ununuzi itoke mkononi mwako baada ya risiti, na mapatano yapitie kwa notari. Msafiri mkweli atakubali, maana hata yeye anataka dhamana yake irudi. Anayesema hana muda wa duane, mwacheni aende na moto yake.

Na watoto wetu wanaovuka Gatumba kwenda kuuza moto zao Bujumbura waijue sheria hiyo hiyo: kule wao ndio wasafiri, na moto yao ndiyo ya muda. Tena Machi 2022 Bujumbura ilizuia moto katikati ya mji.

Neno la mwisho ni kwa anayerudi na moto kwa boti. Piga picha ya namba ya shasi kabla haijapakiwa. Mwagia esanse yote kwenye kidumu kilichofungwa vizuri, kisikae karibu na mtu anayevuta sigara wala mama anayepika. Ng'oa betri. Fakitire na karatasi za duane zisiwekwe chini ya kiti cha moto. Zitie ndani ya plastiki, uzivae mwilini mpaka Kalundu.