Je, Wajua? Shimo la choo hujaa polepole kuliko inavyodhaniwa

Shimo lenye upana wa mita 1 na kina cha mita 3, likitumiwa na kaya ya watu 6, huweza kuchukua takriban miaka 6 kabla ya kujaa. Sehemu kubwa ya kinyesi ni maji yanayonywea ardhini, na mabaki mango ya mtu mmoja ni kama lita 50 tu kwa mwaka.

Vijijini Nachingwea na Ruangwa, ambako viwanja ni vipana, shimo lililojaa hufukiwa na jingine kuchimbwa. Palipo finyu hubaki gari la majitaka, au kutapisha, yaani kuchimba shimo pembeni, kutoboa ukuta wa kati na kuuacha uchafu utiririke wenyewe. Kazi hiyo ikifanywa kati ya Desemba na Aprili, mvua huweza kuusomba hadi visimani.

Dar es Salaam ilijaribu njia nyingine kati ya 1988 na 1992: pampu ya gurudumu la kuzungushwa kwa mkono, pamoja na tangi la lita 200 lililopakiwa kwenye mkokoteni uliopenya vichochoro visivyopitika kwa lori.

Mafuta ya taa yanayomwagwa shimoni hupunguza uvundo, lakini hayaui mayai ya askarisi, minyoo mviringo ya tumboni, ambayo huweza kubaki hai udongoni kwa miaka kadhaa. Klorini nayo, ikimiminwa kwa wingi, huua bakteria wanaomeng'enya kinyesi, na shimo hujaa upesi zaidi.