Chombo gani kibebe takwimu za kahawa ndani ya programu?

Mkulima wa Kibugu, Kaunti ya Embu, anapofikisha kahawa mbivu kiwandani, karani huipima na kumwandikia stakabadhi: nambari ya mwanachama, tarehe na kilo. Kila tarakimu huandikwa chini ya jina lake. Kazi hiyo ikiachiwa kompyuta, mwandishi wa programu hana budi kuhakikisha kuwa majina hayo hayapotei njiani.

Programu hugawanywa katika sehemu ndogo ziitwazo fankisheni. Moja husoma mizani, nyingine hukokotoa malipo. Ya kwanza inapoikabidhi ya pili matokeo, thamani hizo hutiwa katika chombo, na hapo ndipo wanafunzi wengi hujikwaa.

Chombo chepesi katika lugha ya Python ni tupo, yaani thamani zilizopangwa kwa mfuatano usiobadilishwa. Hufaa zikiwa mbili au tatu, lakini hutambulika kwa nafasi, si kwa jina. Tuseme mwanachama nambari 412 ameleta kilo 38, na bei ni shilingi 100 kwa kilo. Nafasi zikipishana, hesabu itatoa shilingi 41,200 badala ya 3,800, wala kompyuta haitalalamika. Kwake zote ni nambari.

Orodha hufaa vitu vingi vya aina moja, mathalani kilo za msimu mzima. Hatari yake ni kwamba fankisheni iliyoipokea ikiibadilisha, hubadilika pia kwa ile iliyoituma. Kamusi huipa kila thamani jina, ila jina likikosewa wakati wa kusahihisha kilo, Python huhifadhi jina jipya kimyakimya, na kilo za awali hubaki zilivyokuwa.

Kwa stakabadhi yetu, chaguo bora ni rekodi iliyofungwa isibadilishwe, mradi kila thamani ijazwe kwa kutajwa jina. Jina lisilotambulika hukataliwa papo hapo. Python ilileta njia fupi ya kuunda rekodi hizo katika toleo la 3.7 mwaka 2018. Java ikazithibitisha katika toleo la 16 mwaka 2021.

Jina nalo litaje kipimo: andika “kilo”, si “uzito”. Mwaka 1999, Marekani ilipoteza chombo cha anga, Mars Climate Orbiter, kwa kuwa programu moja ilitoa takwimu kwa vipimo vya Kiingereza, nyingine ikazisoma kana kwamba ni vya metriki. Nambari ilifika salama. Maana yake ndiyo iliyopotea.