Nafasi za Vyuma Katika Injini ya Motakaa

Ukipanda kutoka Same kwenda Mbaga na Mamba, huenda ukakuta lori limesimama kando ya njia, boneti wazi, na magunia ya tangawizi yangali juu yake. Ukiuliza, waweza kuambiwa kwamba injini yake imefanywa upya juzi tu. Mwenyewe hustaajabu: vyuma vyote ni vipya, mbona imekwama? Twataka kueleza sababu, maana pengine mtu huyo aliuza ng'ombe wake ili avinunue vyuma hivyo.

Watu wengi hudhani kuwa fundi hodari ni yule abanaye kila kitu kisicheze. Kwa meza na milango ni kweli. Kwa injini sivyo. Kati ya vyuma viwili visuguanavyo pana nafasi ndogo iliyowekwa kwa makusudi, nayo ina kazi mbili: kupokea utando wa mafuta, na kukiachia chuma mahali pa kutanukia kipatapo moto. Upare ni nchi ya wafua chuma. Huko Ugweno ukoo wa Washana, wenye ufundi huo, ndio uliotawala kabla Wasuya hawajautwaa utawala. Kwa hiyo hapana haja ya kueleza sana kwamba chuma cha moto hukua.

Lakini pistoni nyingi za siku hizi si za chuma, ni za aluminiamu. Aluminiamu yenye upana wa milimita 100, joto lake likizidi kwa digrii 100, hukua milimita 0.23 hivi, silinda ya chuma yenye upana huo hukua 0.11 tu. Tena pistoni hupata moto mwingi kuliko silinda, ambayo imezungukwa na maji. Basi fikirini njia yenyewe. Mji wa Same u kiasi cha mita 860 juu ya bahari, na kilele cha Shengena ni mita 2,462. Lori lenye mzigo hupanda polepole kwa gia ndogo, upepo wa kupoza rejeta ni haba, na moto ni mwingi. Pistoni iliyobanwa mno huenda vizuri penye tambarare. Mlimani huvimba, hufuta mafuta, kisha hung'ang'ania ukuta wa silinda. Ndiyo maana gari halikuharibika gerejini.

Ringi nazo zina pengo lao. Kwa silinda ya milimita 100 desturi ni milimita 0.3 hadi 0.4. Pengo likiwa dogo, ncha hukutana kwa joto, ringi ikavunjika na kuikwaruza silinda. Basi kabla ya kuivisha pistoni, tia ringi peke yake ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha pima pengo kwa vile vibati vyembamba viitwavyo fila. Likipungua, piga tupa ncha kidogo kidogo.

Fila hiyo humfaa pia fundi asiye na chombo cha kupimia silinda. Pima pengo la ringi chini, mahali pasipolika, kisha juu, pale ringi ya kwanza inapofikia. Tofauti yake igawanye kwa 3.14. Tuseme chini ni 0.40 na juu ni 0.85: tofauti ni 0.45, na jibu ni 0.14. Hicho ndicho kiasi silinda ilivyolika. Kuitia silinda ya namna hiyo ringi mpya tu ni kupoteza fedha. Ichongwe, nazo pistoni kubwa zinunuliwe kwanza, ili mchongaji afuate kipimo chake.

Sasa tuje kwa krankishafti. Shingo yake ikiwa na upana wa milimita 50, nafasi katika beringi ni kiasi cha 0.05, kama unywele mwembamba. Ikizidi, mafuta hutoroka ubavuni, nguvu yake hushuka, na injini hugonga. Ikipungua, mafuta hayapati pa kupita. Ukiisha kukaza vifuniko vyote na krankishafti haizunguki kwa mkono, usiiwashe injini kwa kutumaini kwamba italainika. Legeza kifuniko kimoja, uizungushe. Ikikataa, kikaze tena na ulegeze cha pili. Kile kitakachoiachilia ndicho chenye kosa. Pengine kimegeuzwa, au kimetolewa mahali pake, navyo havibadilishani, maana kila kimoja kilichongwa pamoja na kiti chake. Pengine punje ya mchanga imeingia nyuma ya beringi, nasi twalijua vumbi la Same. Au beringi si za saizi yake: krankishafti iliyochongwa milimita 0.25 ikitiwa beringi za 0.50 hubanwa.

Iko desturi mbaya ya kutia karatasi nyuma ya beringi iliyolegea, au kukipiga tupa kifuniko. Karatasi huzuia joto lisitoke, na huoza katika mafuta. Kifuniko kilichopigwa tupa hakifanyi tena duara. Zamani beringi zilimiminwa kwa madini laini meupe, na fundi aliweza kuzikwangua kwa mkono. Za siku hizi ni nyembamba, hazikwanguliwi.

Nafasi za valvu zifuatwe kama kitabu cha gari kisemavyo. Siku za kwanza lori lipewe mzigo mdogo, liende Mwanga na Hedaru katika njia ya tambarare. Likirudi, mafuta yamwagwe, valvu zipimwe tena, ndipo lipandishwe Mbaga.